Chama cha Mpira na Chama cha Hewa

Wakwe zangu wa Liguria, kule Italia, hawagombanii urithi. Wanagombania bunduki za kupigia samaki. Baba mkwe ni wa chama cha hewa, shemeji ni wa chama cha mpira. Mimi natoka Malindi, ambako bunduki kama hizi, za kienyeji za gongo, tyubu na chuma, zimepigwa marufuku, kwa hiyo wote wawili waliniona kura isiyo na mwenyewe.

Shemeji alianza kampeni. Bunduki yake ni nyembamba, unaizungusha majini bila tabu, na ukilenga unauona mshale wote. Mpira ukikatika, unafunga mwingine hapo hapo. Kuitega tu ndiyo shughuli: unabana kitako kifuani, unavuta mpira kwa mikono miwili mpaka unase kwenye mshale. Jioni mke wangu aliona kifua changu akauliza nimepigana na nani. Nikamwambia, na kaka yako.

Baba mkwe alicheka mpaka akapaliwa. Yake hujazwa hewa kwa pampu ya mkono, presha ya takriban mara 10 ya tairi la gari dogo. "Ukishajaza, umemaliza," akajigamba. Hakusema kwamba kila ukifyatua, lazima uurudishe mshale ndani kupitia mdomo wa bunduki, ukishindana na hewa yote hiyo. Asubuhi alisukuma, akawiva uso, akamgeukia mkizi mnene. Bomba la bunduki nalo nene. Maji yakalikataza kugeuka upesi. Alipofyatua, mshale ulitoka kwa unyonge, ukaning'inia kwenye kamba yake. Hewa ilikuwa imevuja. Tulipoifungua bunduki nyumbani tukakuta kipete cha ndani kimechanika. Kipete cha mpira.

Shemeji alishangilia ushindi huo siku nzima. Lakini jambo moja halitajwi na chama chochote: mpira hauna nguvu zake, wala hewa haina zake. Zote ni za mlipa kodi, yaani mkono wako. Tofauti ni namna ya kukukamua.

Sheria ya Italia humruhusu mvuvi wa burudani kilo 5 za samaki kwa siku. Sisi hatujawahi kuipa serikali wasiwasi. Wahenga walisema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi. Kwa wakwe zangu wanaokasirika ni wavuvi, na mkizi ndiye anayenenepa.