Jinsi ya Kuwa Profesa wa Ligi ya Ufaransa bila Kutoka Salamabila

Kwanza tafuta kiti. Mabishano ya mpira wa Ufaransa hayapigwi wima. Aliyesimama anaonekana ana safari, na mwenye safari hasikilizwi. Hapa Salamabila, Maniema, kiti kinachofaa ni kile cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, nje ya chumba cha video, karibu na mzee anayenunua dhahabu. Huyo mzee ndiye mtihani wako. Kutwa nzima anapima chembe za wachimbaji kwa mizani ndogo, upande mmoja chembe, upande wa pili njiti ya kiberiti, na macho yake yamezoea kutomwamini mtu. Ukimshinda yeye, mji wote umeshauchukua.

Usianze na PSG. Kwamba hadi 2025 wana mataji 13 na Saint-Étienne 10, hata muuza maandazi anajua. Anza na mtu ambaye hakuna mmoja wenu aliyewahi kumwona: Delio Onnis, Muargentina, aliyecheza Reims, Monaco, Tours na Toulon kati ya 1971 na 1986, akafunga mabao 299. Itamke hiyo 299 taratibu, kisha nyamaza kidogo. Namba 300 ni ya mgombea jukwaani. 299 inanuka daftari. Mimi niliwahi kuteleza nikasema 300, nikaulizwa kama nimekuja kuomba kura.

Wakishalainika, waongezee chumvi: alikuwa mfungaji bora mara tano, na timu ya taifa ya Argentina haikumwita hata siku moja. Hapo vichwa vitatikisika. Watu wa Maniema wanamwelewa haraka mtu anayetoa mali nyingi asikumbukwe.

Silaha ya pili ni msimu wa 1970-71. Josip Skoblar wa Marseille alifunga 44, na rekodi hiyo ya msimu mmoja haijaguswa. Lakini usiishie kwa Skoblar. Vuta kiti mbele useme kwamba Salif Keita wa Mali, akiwa Saint-Étienne, alifunga 42 msimu uleule na bado akaitwa wa pili. Arobaini na mbili! Waache wahesabu wenyewe tofauti. Nusu saa nzima watamtafuta refa aliyezikataa hizo mbili, nawe utakuwa umepata nafasi ya kunywa chai.

Sasa tufike penye kiini cha elimu hii, nacho ni kuchagua siku ya kuanza kuhesabu. Ligi ya kulipwa Ufaransa ilianza 1932, ikaitwa Divisheni ya Kwanza miaka mingi. Jina la Ligue 1 lilikuja 2002. Hiyo ni karatasi tu, ligi ni ileile, lakini profesa halali na karatasi kama hiyo mfukoni. Kwa kuwa jina limeanza 2002, mfungaji bora wa kwanza wa Ligue 1 ni nani? Ni Shabani Nonda wa Monaco, mabao 26, msimu wa 2002-03. Mkongomani. Mchezaji wa zamani wa Yanga ya Dar es Salaam, anayejua Kiswahili kuliko wewe. Na yule Onnis wako wa 299? Katika Ligue 1 ana sifuri. Papin aliyekuwa mfungaji bora miaka mitano mfululizo? Sifuri.

Jiandae, maana mzee wa mizani atainua kichwa.

"Nonda alizaliwaka Bujumbura."

Jibu lake usilitoe kwa hasira. Mwambie: "Papa, hata dhahabu yetu ikifika Bujumbura inageukaka ya Burundi. Sisi tumechukua mtoto mmoja tu."

Mimi nilipomjibu hivyo alirudi kwenye njiti zake, na hadi jioni hakuniuliza tena. Ukiona upepo uko kwako, ongeza kwamba msimu ule Monaco walimaliza na pointi 67, Lyon wakabeba taji kwa 68. Pointi moja, njiti moja ya kiberiti. Na kwamba mwaka 2025 serikali yetu ilitia saini mkataba na Monaco ili klabu hiyo iitangaze Kongo, kazi ambayo Nonda aliifanya miaka 22 mapema kwa miguu yake.

Kabla ya kutaja mataji ya Marseille, angalia jezi zilizokaa mbele yako. Kitabuni ni 9. Lile la 1993 walinyang'anywa kwa ajili ya mechi ya Valenciennes iliyonunuliwa, wala hakupewa mtu mwingine. Penye jezi nyeupe na buluu sema "kumi kasoro maneno".

Pointi nazo zina mtego. PSG walipata 96 msimu wa 2015-16, wakautwaa ubingwa mwezi wa tatu kwa kuwafunga Troyes 9-0 ugenini. Ukiwa upande wao, taja 96 ukanyamaze. Ukiwa upande wa wazee, kumbusha kwamba zamani ushindi ulikuwa na pointi mbili, ndipo 1994 zikawa tatu. Msimu huohuo wa 1994-95 Nantes, wakiwa na Claude Makélélé, mzaliwa wa Kinshasa, walicheza mechi 32 bila kufungwa.

Yote haya yamalize kabla mtu hajanunua mega. Netiweki ikianguka, profesa anapanda; ikirudi, kuna kijana atafungua simu, na hapo kumbuka kwamba umeacha sufuria motoni.

Hatari moja sijapata dawa yake. Jumapili iliyopita mtoto wa kama miaka tisa aliuliza, "Papa, na hapa kwetu, nani amefunga mingi?" Tukatazamana. Mshambuliaji wetu tunamjua, anavaa kiatu kimoja cha mpira na kingine cha kazi ya mgodini. Mmoja akasema ana 31, mwingine akaapa zimepita 40. Hesabu ilikuwa ukutani, kwa mkaa, nyuma ya duka, ila mwenye duka alipaka rangi mwezi uliopita. Mzee wa mizani akanitazama mimi. "Profesa," akasema, "leta daftari."

Nililinunua jioni ileile. Mechi iliyofuata nilikaa nyuma ya goli na kalamu. Dakika ya 20 hivi, kichwa, mpira ukapita kati ya miti miwili. Kipa akasema umepita juu. Milingoti yetu haina mti wa juu, kwa hiyo juu ni pale kipa anapotaka. Wakabishana hadi mvua ikaanza, nami nikawa nalificha daftari tumboni huku wote wakinitazama ninaandika nini.

Niliandika 0,5. Hiyo rekodi Ufaransa hawana.