Mzee Vanishi Agoma Kuhama

Kikao kilifanyika usiku, mafundi wakiwa wameshakwenda kula, kwenye varanda ya mbao ya hoteli moja ya ufukweni. Ajenda ilikuwa moja: Mzee Vanishi aondolewe au abaki. Mwenye hoteli alikuwa ameshatoa lake mchana kwamba wageni wa Desemba wanakaribia, kwa hiyo vanishi mpya ipakwe juu ya ile ya zamani. Ndiyo akili ileile inayopaka kingo za barabara chokaa alfajiri ya ziara ya mheshimiwa.

"Shikamoo, mzee," alianza Msasa Namba 60, kijana wa sauti ya kukwaruza.

"Marahaba. Umekuja kunikwangua?"

"Nimetumwa tu, mzee."

"Kila anayekuja ametumwa. Nimepakwa hapa mara tano, tabaka juu ya tabaka, na sijaona lililong'olewa. Huo ndio uzoefu."

"Uzoefu wa kubanduka," Bibi Mvule, mbao yenyewe ya varanda, alisema kutoka chini yake.

Alisema kweli. Karibu na ngazi Vanishi alikuwa ametoa malengelenge, kingo zimepauka, na maji ya masika yaliyopenya chini yake yalikosa pa kutokea. Mbao iliyo nje hufura kwa mvua na kusinyaa kwa jua, lakini vanishi ikishakauka huwa utando mgumu usioweza kuifuata, ikapasuka. Pakishapasuka, jua hula lignini, kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, na mbao inageuka kijivu.

"Basi nimwagiwe dawa, niondoke kwa heshima."

Kopo la Dawa alikohoa. "Mimi ni kostiki soda. Nitakulainisha, lakini Bibi atasawijika, mpaka aje Asidi Oksaliki kumrudishia rangi yake. Binamu yangu Methileni Kloridi alikuwa mkali kuliko mimi, ila Marekani ilipiga marufuku mwaka 2019 asiuzwe tena kwa watu wa kawaida kutolea rangi. Aliua watu waliojifungia naye vyumbani."

Msasa Namba 220 akajipukuta. "Niachieni mimi nimalizie. Nitamlainisha ang'ae."

"Ishia kwenye makabati, mwanangu," Bibi Mvule alimkata. "Ukiniziba vinyweleo, mafuta mapya nitayanywaje? Aanze 60, amalizie 80, inatosha."

"Na mimi je?" Msumari aliuliza, kichwa kikiwa nje ya mbao. "Msasa gani utapita hapa usichanike, kabla sijagongwa nikazama?" Kimya. Nyundo hakuwa kwenye bajeti.

Wala barakoa haikuwa na haraka. Vumbi la mbao liliwekwa na wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani kwenye orodha ya visababishi vya saratani mwaka 1995. Barakoa ya fundi ilikuwa bado ofisini ndani ya nailoni yake, isije ikachafuka.

Pembeni, Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani baada ya kupaka viti kilikuwa kimejikunja juu ya wenzake. "Mimi naomba kulala tu."

"Usithubutu!" Ndoo alifoka. "Wenzako walilala hivyo Philadelphia, kwenye jengo la One Meridian Plaza, mafundi walipomaliza kushughulikia mbao za ukutani. Usiku wa Februari 23, 1991 waliwaka wenyewe. Ghorofa zikaungua, na wazimamoto watatu wakafa."

"Bila kiberiti?"

"Bila kiberiti. Mafuta hayo hukauka kwa kuvuta oksijeni, na yakivuta hutoa joto. Mkirundikana, joto litokee wapi?"

Kikao kikapitisha kwa kauli moja: nyundo kwanza, kisha dawa, kisha 60 na 80. Asubuhi mwenye hoteli alifika na kopo jipya la vanishi na brashi pana, na kabla ya adhuhuri tabaka la sita lilikuwa linang'aa juu ya malengelenge. Wewe unayetunza varanda yako, ukishindwa yote hayo, basi angalau vitambaa vya mafuta vitumbukize kwenye ndoo ya maji kabla hujaenda kulala.