Farao Aliyechelewa Miaka 800: Mhadhara wa Mtaalamu

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, wazazi, na vijana mnaochezea simu kule nyuma: itifaki imezingatiwa. Mtaalamu aliyesimama mbele yenu hahitaji kutambulishwa, na ndiyo sababu amelazimika kujitambulisha mwenyewe kwa kirefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Mada ya leo ni modi. Mashabiki wanachukua gemu iliyotengenezwa na kampuni, wanaifumua, wanabadilisha majeshi, ramani na tarehe, kisha wanaigawa bure. Kati ya modi zote za kihistoria Mtaalamu ameteua moja, Europa Barbarorum, kwa kuwa hakuna binadamu aliye hai anayeijua kumshinda, wakiwemo walioitengeneza.

Tuanze na chanzo cha ugomvi. Septemba 2004 kampuni ya Creative Assembly, yenye makao Horsham, Uingereza, ilitoa gemu iitwayo Rome: Total War. Mchezaji anashika ukoo wa Kirumi mwaka 270 KK na kwenda nao hadi 14 BK. Kwenye ramani anajenga miji, anatoza kodi na kusogeza majeshi kwa zamu. Vita vikipamba moto anashushwa uwanjani, ambako maelfu ya askari wanaonekana mmoja mmoja, na vumbi lao. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Kabla hata haijaingia madukani, BBC walishaitumia injini yake kwenye kipindi cha Time Commanders, na mtu akiona kitu kinatumiwa na BBC huanza kukiamini bila kuuliza maswali.

Mtaalamu yeye aliuliza. Alielekeza macho Misri, akakuta magari ya vita yanayokokotwa na farasi, wapiga mashoka waliovaa vitambaa kiunoni, na Farao kamili, utadhani ametoka kwenye filamu na bado anadai malipo yake.

Mwaka 270 KK, mabibi na mabwana!

Ule Ufalme Mpya wa kina Ramses ulikwisha karibu mwaka 1070 KK. Hesabu ni yenu. Alexander aliingia Misri mwaka 332 KK. Alipofariki mwaka 323, jemadari wake Ptolemy aliishika nchi, na mwaka 305 akajitangaza mfalme. Gemu inapoanza, anayetawala kutoka Alexandria ni mwanawe, Ptolemy wa pili, Mmakedonia anayeongea Kigiriki, mwenye askari walioshika sarisa, mkuki wa mita tano au sita ambao mtu hauinui kwa mkono mmoja. Mtaalamu alipoona gari la kwanza la farasi likikata mchanga alizima kompyuta, akatoka nje, na hakusema na mtu mpaka magharibi. Mkewe alidhani kuna msiba.

Hapa Mtaalamu anaomba utulivu, kwa sababu sasa anaingia kwenye ndovu.

Hao akina Ptolemy walikuwa na shida. Mahasimu wao, wafalme wa ukoo wa Seleucus huko Asia, walipata ndovu wa vita kutoka India, na njia ya kwenda India ilipita mikononi mwa mahasimu haohao. Ptolemy wa pili akageukia kusini. Kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, katika Sudan ya leo, ilianzishwa Ptolemais Theron, kituo cha kuwinda ndovu. Mnyama alikamatwa akiwa hai, akapakiwa kwenye merikebu nzito iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, akasafirishwa kaskazini hadi bandari ya Berenice, na kutoka hapo akatembezwa jangwani mpaka Mto Nile. Fikirini hao mabaharia: bahari ina miamba, upepo unabadilika, na shehena ina mkonga na hasira. Mwaka 217 KK, kule Raphia karibu na Gaza, ndovu 73 wa Ptolemy wa nne walikutana na 102 wa Antiochus wa tatu. Mwanahistoria wa kale Polybius anaandika kwamba wengi wa ndovu wa Afrika walikataa kupigana, hawakuustahimili unuko wala mlio wa wale wa India. Ptolemy alishinda hata hivyo, na katika safu zake walikuwemo Wamisri wa asili 20,000 waliofunzwa kupigana kwa mikuki ya Kimakedonia. Historia yenyewe ilikuwa na vituko vya kutosha. Kulikuwa na haja gani ya kumfufua Farao?

Basi kundi la wapenzi wa historia, waliotawanyika nchi mbalimbali na wasiolipwa senti, wakaamua kuirekebisha dunia nzima. Walianza na wale ambao gemu iliwaita washenzi: Wagalia, Wajerumani, Waingereza wa kale. Gemu iliwapa Wajerumani kikosi cha wanawake wapiga mayowe, na Waingereza kikosi cha kurusha vichwa vya watu. Mtaalamu alitamani pia kuwalaani nguruwe wanaowashwa moto na kukimbizwa kuelekea ndovu, na alikuwa ameshaandaa kurasa kadhaa kuhusu aibu hiyo. Bahati mbaya nguruwe wana ushahidi. Waandishi wa kale, Aelian na Polyaenus, wanasimulia kuwa watu wa Megara waliwapaka wanyama hao lami, wakawawasha, na kuwasukuma kwa ndovu wa mfalme Antigonus. Kurasa zile Mtaalamu amezihifadhi kwa matumizi mengine.

Modi ikawa na tarehe yake ya kuanzia, 272 KK, miaka miwili kabla ya gemu. Mtu wa kawaida atauliza miaka miwili ina nini. Ina Pyrrhus! Mfalme huyu wa Epirus, aliyewatoa Warumi jasho nchini Italia, aliuawa mwaka huohuo 272 katika vichochoro vya mji wa Argos. Plutarch anasema mama mmoja aliyekuwa juu ya paa alimwona mwanawe akipambana na mfalme, akang'oa kigae na kukivurumisha. Kigae kikampata Pyrrhus shingoni, akaanguka kutoka kwenye farasi, na askari wakammaliza. Mchezaji wa modi anampokea Pyrrhus kabla ya kigae. Akitaka kumrudisha Italia, ruksa. Akitaka kumpeleka Argos, shauri yake na vigae. Mtaalamu huona huu ndio uamuzi bora kuliko yote katika kazi ile, na haelewi kwa nini hakuombwa kuutoa yeye.

Sasa tuje kwenye majadiliano ya dola zipi ziingie kwenye modi, eneo ambalo Mtaalamu ni bingwa asiye na mpinzani, kwa maana wapinzani huondoka.

Injini ya gemu ile ni basi la viti 21: abiria wa ishirini na mbili hapandi hata akilia. Na kiti kimoja kimeshikwa tayari na waasi, wale wenye miji isiyo ya dola yoyote, ambao modi iliwapa jina la heshima, Eleutheroi, watu huru. Zinabaki nafasi ishirini kwa dunia inayoanzia Atlantiki hadi mipaka ya India. Warumi, Carthage, Makedonia, dola ya Seleucus na Misri hawana mjadala. Baada ya hapo ni ngumi. Gemu ya awali iliwagawa Warumi katika koo tatu, ikawaongezea na baraza la Seneti kama upande wa nne. Modi iliwarudisha kuwa kitu kimoja, Romani, na nafasi zilizookolewa zikawafaa wengine. Saba ya Yemen ikaingia. Armenia ikabaki, sasa kwa jina la Hayasdan. Bactria, ufalme wa Kigiriki uliokuwa kule Afghanistan ya leo, ukaingia. Numidia, ambao walikuwemo kwenye gemu ya kampuni, wakashushwa njiani. Walisubiri mpaka kundi lilipohamia injini ya Medieval II: Total War, ya mwaka 2006, yenye nafasi 31. Modi ya pili ilipotoka mwaka 2014, Numidia na Pergamon wakapanda.

Mtazame hapo miaka inavyokwenda. Walioanza wakiwa wanafunzi walimaliza wakiwa na watoto. Katika kipindi hicho chote Mtaalamu hakuchoka kuuliza kila mara swali lilelile: itatoka lini?

Wapo watakaotaka kujua modi inatengenezwaje hasa. Mtaalamu ataligusa jambo hili kwa juu, kwani ni kazi ya mikono. Habari za kila kikosi zimeandikwa katika faili la maandishi matupu liitwalo export_descr_unit, ambalo hata programu ya bure ya kuandikia inalifungua. Humo kuna mstari unaoanza na stat_mental, kisha tarakimu, kisha maneno mawili. Tarakimu ndiyo moyo wa askari: ikiwa ndogo, kikosi kinatimua mbio mapema. Neno la kwanza linasema kama wana nidhamu, ni wa kawaida, au ni watu wa kuparamia vita bila amri. La pili linasema wamefunzwa kiasi gani. Baada yake zinafuata gharama za kuwaajiri na kuwatunza. Mtu anayeandika mistari hiyo anatakiwa aamue kwa tarakimu moja Mgalia wa kawaida alikuwa jasiri kiasi gani, na ushahidi alionao ni Julius Caesar, ambaye aliandika akiwa amewashinda na alikuwa na sababu zake za kuwasifu. Kisha mkato mmoja ukisahaulika, gemu inajifunga papo hapo. Haisemi kosa liko wapi. Mtengenezaji anaanza kusoma mstari kwa mstari, maelfu ya mistari, saa nane za usiku, kesho yake ana mtihani au kazi.

Mtaalamu hajawahi kulifungua faili hilo. Msimamo wake ni kwamba daktari bingwa hafui mashuka.

Mchango wake umekuwa katika mambo makubwa. Ni yeye aliyepinga rangi ya ngao. Ni yeye aliyetaka Warumi wenye ile deraya ya vipande vya chuma inayopendwa na filamu waondolewe hadi zama za Augustus, na kwa hili lazima apewe haki yake, kwa sababu vipande vya zamani kabisa vya deraya hiyo vimefukuliwa Ujerumani na ni vya miaka ya mwisho kabisa kabla ya Kristo. Marius aliyelibadili jeshi mwishoni mwa karne ya pili KK hakuwahi kuiona. Kwamba watengenezaji walikuwa wanalijua hilo kabla yake ni suala la kiutaratibu.

Tena ni Mtaalamu aliyedai, kwa barua ndefu, ramani isogezwe kusini ipate kuingiza Rhapta, soko la pwani ya Azania, ambalo watafiti wengi huliweka mahali fulani kwenye pwani ya Tanzania. Alieleza kwa uchungu namna mwambao wetu ulivyodharauliwa. Dada mmoja, mwanafunzi wa historia, alisimama ukumbini na kusema kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Rhapta tunaisoma kwenye kitabu cha Periplus, na Periplus ni ya karne ya kwanza baada ya Kristo. Mwaka 272 KK hatuna hata sentensi moja ya kuitaja." Akaongeza kuwa ramani ya injini ile haifiki mikoa 200, hivyo kuweka mkoa Azania ni kuufuta mwingine kwingineko, na akauliza mzee angefuta upi. Mtaalamu alimpongeza kwa usomaji wake na kumwomba aketi.

Yamebaki malalamiko, na Mtaalamu hapendi kulalamika, ila ukweli lazima usemwe hadharani. Modi hii imesifiwa kwa sauti za askari wanaojibu amri kwa Kilatini na Kigiriki cha kale. Imesifiwa kwa mwaka wenye zamu nne badala ya mbili, kila msimu na zamu yake. Imesifiwa kwa mageuzi ya jeshi la Kirumi yanayokuja hatua kwa hatua: kwanza ya zama za Polybius, kisha ya Marius, mwisho ya Augustus. Mtaalamu amecheza kampeni nzima akiwa Warumi. Ametwaa Italia yote, Sicily, Hispania na Ugiriki, na hajaona mageuzi yoyote. Askari wake wa mwisho wamevaa kama baba wa babu zao. Maadui nao wamefilisika, wanatuma vikosi viwili vitatu vya kusikitisha. Huu ni uzembe, na Mtaalamu anautaja kwa jina lake.

Kijana wa mstari wa nyuma, yule wa simu, akanyoosha mkono. "Samahani mzee. Ukifungua kampeni, uliubonyeza mji, ukamsubiri mshauri ajitokeze, ukambonyeza akuoneshe?"

Mtaalamu alieleza kwamba yule mshauri anayechomoza pembeni ya kioo na kufundisha watu mambo ya chekechea alimzima siku ya kwanza. Mtu wa hadhi yake haelekezwi na katuni.

"Sasa skripti ya modi inawashwa kupitia kwake," kijana akasema. "Mageuzi, hela za maadui, vyote vimo humo. Na kila ukifungua kampeni uliyoihifadhi, unamwasha upya."

Mwenyekiti akatazama saa. Mtaalamu akakunja karatasi zake, akatangaza kuwa muda wa maswali umekwisha, na akataka kujua kama chai iko tayari.