Pongezi kwa subira yenu: barua ya wazi kwa Wizara ya Afya ya Umma

Waheshimiwa wa Wizara, Kinshasa,

Pokeeni pongezi zetu, sisi wa Kisangani. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wake dhidi ya virusi vya papiloma mwaka 2011. Uganda ikafuata 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Mwaka 2024 ulipokwisha, chanjo hiyo haikuwa bado kwenye kalenda ya kawaida ya nchi yetu. Haraka haina baraka, na virusi hivi navyo havina haraka: huingia ujanani, hukaa kimya miaka kumi na tano au ishirini, ndipo kansa ya mlango wa kizazi humkuta mama akiwa na watoto wa kulea na meza yake sokoni. Wakati huo aliyechelewesha chanjo amekwisha kustaafu kwa heshima. Kuchelewa huku kunavumilika kwa sababu anayechelewesha si yeye anayelipa.

Mtasema tuna surua, kipindupindu na mpox, na sanduku la serikali ni tupu. Lakini tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja pale palipohitajika mbili. Utafiti uliofanywa Kenya ulionyesha kwamba dozi hiyo ilizuia kwa zaidi ya asilimia 97 maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya kansa hizi. Kwa hiyo umaskini ndiyo sababu ya kuchanja: asiyeweza kununua sindano moja atamudu vipi upasuaji na mionzi? Wapo wanaohofu kwamba chanjo itawafundisha wasichana uzinzi. Basi tufute na ile ya pepopunda, isiwafundishe watoto kukanyaga misumari.

Pingamizi moja tunaliheshimu: hofu ya chanjo yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mji huu ukiitwa Stanleyville, chanjo ya polio ya Hilary Koprowski ilijaribiwa kwa sokwe wa kambi ya Lindi, na watu wengi wa koloni wakanyweshwa. Baadaye ikazuka tuhuma kwamba ndiyo iliyoleta ukimwi. Mwaka 2004 watafiti waliikanusha: virusi vya sokwe wa misitu ya huku ni vya ukoo mwingine, si ule uliozaa HIV. Hata hivyo, hofu haiondoki kwa kunyamaziwa. Huondoka mzazi wa mitaa yetu ya Mangobo au Lubunga anapoelezwa, akauliza, akajibiwa. Mkoloni alichanja bila desturi ya kuuliza. Ninyi mmeboresha: hamwulizi, wala hamchanji.

Tupeni tarehe, na jina la atakayewajibika ikipita.

Wenu katika kusubiri,
Mkazi wa Kisangani