Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Huenda umri wangu umeuzidi wako, lakini aliyebeba mzigo wa watu wote ndiye huamkiwa kwanza, na adabu hiyo sitaki kuivunja. Naomba radhi kukuchukulia muda. Naomba radhi zaidi kwa kuandika hadharani, badala ya kuipitisha barua hii kwa mtendaji, kwa diwani na kwa mkuu wa wilaya kama inavyostahili. Nimefanya hivyo kwa kuwa wenzangu hapa Isongole nao wameomba kuisikia ikisomwa.

Mimi ni mkulima wa viazi mviringo, ekari moja na nusu, karibu na barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Nakuandikia kuhusu ile amri iliyotangazwa Julai 2025 na Mheshimiwa Selemani Jafo, alipokuwa kwenye kiti hicho, ya kuwazuia wasio raia kufanya shughuli 15 za biashara. Humo mna kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, na jambo linalotugusa sisi: kununua mazao shambani. Mgeni atakayevunja amri atatozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au atafungwa hadi miezi 6, au vyote viwili.

Siku redio ilipotangaza, watu walishangilia. Nami nilishangilia, Mheshimiwa. Nina mtoto anayehangaika na biashara ndogo Dar es Salaam, na nilijisikia kama serikali imemtaja jina. Sisi watu wa jembe tumepewa majina mengi. Azimio la Arusha la 1967 lilituita wakulima na wafanyakazi. Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa 1977 kiliweka jembe na nyundo kwenye bendera yake. Hayati Rais Magufuli alituita wanyonge. Yote tuliyapokea kwa heshima, na kila miaka mitano tumepanga foleni na kupiga kura kwa majina hayo hayo. Amri ile ilitoka miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, na wengi wetu tuliiona kama jibu la kura zetu.

Kwa unyenyekevu wote, naomba kukueleza kilichofuata shambani kwangu.

Msimu wa kuchimba ulipofika, mnunuzi alikuja na Fuso. Hakuwa mgeni. Ni Mtanzania mwenzangu, na dalali aliyemleta tunaongea naye Kinyakyusa. Vijana wake walijaza gunia hadi mdomoni, wakashonea juu kipande cha gunia jingine, wakapanga viazi mpaka kikasimama kilima, wakakaza kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa, nawe waijua. Sheria ya Vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Gunia lile kijana mmoja hawezi kulinyanyua, walikuwa wanne. Mimi nilikuwa nimekadiria magunia 30. Yakahesabiwa 20, nikalipwa 20. Ukikataa, gari linahamia kwa jirani, na viazi vilivyokwisha kuchimbwa havimsubiri mtu.

Nakuomba uniruhusu nikae kidogo hapo, Mheshimiwa, kwa sababu hasara haikuishia kwangu. Ushuru wa mazao nao ulihesabiwa kwa magunia. Mwaka 2017 serikali iliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na tulishukuru sana. Lakini hata hicho kidogo kilichobaki, kwenye mzigo wangu kilikatwa kwa magunia 20 badala ya 30. Theluthi nzima iliondoka juu ya Fuso bila kuandikwa popote. Fedha hiyo ilikuwa ya darasa, ya daraja, ya dawa.

Nimekaa kwenye benchi la zahanati moja ya huku na mjukuu mwenye homa, tangu alfajiri mpaka saa saba mchana. Pale kwenye benchi nilisikia watu wakisema foleni ni ndefu kwa sababu ya wageni, vibarua wa kuchimba viazi, wengine eti kutoka Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Niliangalia foleni ile. Wengi nawajua kwa majina ya baba zao.

Maneno kama hayo yamesemwa pia katika nchi tajiri. Boston, katika Lincolnshire, Uingereza, ni mji wa mashamba ya kabichi na viazi, na wavunaji wengi walitoka Poland na Lithuania. Mwaka 2016 watu 75 katika kila 100 waliopiga kura pale walichagua kutoka Umoja wa Ulaya. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mikono kama sisi, na walilalamika kuwa kumwona daktari kumekuwa kugumu na shule zimejaa. Siwacheki hata kidogo. Anayesubiri daktari haoti foleni. Lakini kufikia 2022 orodha ya wanaosubiri matibabu ya hospitali huko England ilikuwa imepita milioni 7. Kura ile haikuwapunguzia kungoja.

Na sisi tumekuwa wageni, Mheshimiwa. Babu yangu alikuwa mtu wa Wenela, wale walioandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini. Aliandikishwa hapo Tukuyu, akaenda kuchimba dhahabu Johannesburg, akarudi na blanketi, baiskeli na kifua kibovu. Mwaka huohuo wa amri, 2025, mwezi Machi, Malawi ilizuia ndizi zetu, na hapa Rungwe kila nyumba ilielewa maana ya kufungiwa mlango na jirani. Serikali yetu ilijibu kwa kuzuia mazao yao mwezi Aprili, na wakubwa wakakaa wakazungumza. Tuliwashukuru kwa kuzungumza.

Sikuombi uifute amri. Mtoto wangu wa Dar asingenisamehe, na ana sababu zake. Naomba mambo mawili tu. Wakala wa Vipimo uko chini ya wizara yako hiyohiyo iliyotoa amri. Naomba mizani iwekwe Isongole, barabarani wanapopakia, na anayefunga lumbesa aguswe kwa uzito uleule alioguswa nao mgeni. La pili, mnunuzi kutoka Kenya au Zambia aruhusiwe kununua viazi na parachichi zetu penye mizani hiyo, hadharani, ashindane bei na wa kwetu. Akiongeza bei, ushuru nao unaongezeka.

Msimu uliopita nilikataa kuuza gunia moja. Walikuwa wamekwisha kulifunga, nikawaomba waliache, nikawarudishia fedha yake. Liko ghalani kwangu na kamba zake zilezile, sijalifungua. Viazi vyake vimeanza kuchipua. Kama utapita barabara hii, wewe au yeyote utakayemtuma, naomba aje na mizani alipime mbele ya wanakijiji.



Wako mtiifu,
Mkulima wa viazi, Isongole, Rungwe