Shangazi wa Milimani Anajibu

Shangazi, shikamoo. Tuko saba, tunakimbia siku nne kutoka Lushoto hadi Mtae kwa njia za vichakani. Mwenzetu mmoja ana saa inayolia kila akipunguza mwendo. Hututangulia, akatungoja kileleni, na tukifika anatupigia makofi kama watoto wa chekechea. Nimechoka naye kuliko nilivyochoka na milima.
Mkia wa Msafara

Marahaba, mwanangu. Hebu tazama hesabu yake. Yeye kakaa juu ya jiwe dakika kumi, kala karanga, kapoa. Wewe unafika unahema, naye hapohapo anasema, “Haya, twende!” Kwa hiyo mwenye mbio kapumzika na mchovu hajapumzika. Wekeni sheria: wa mwisho kufika ndiye anayesema mnaondoka lini. Na mkoba wa dawa, pamoja na chakula cha wote, abebe mwenye saa. Isitoshe, msitu wa Magamba umejaa vijia vya wakata kuni na vya mashambani. Akimwacha nyuma kijana wa Kisambaa anayewaongoza, atafika upesi sana mahali ambako hamwendi. Akizidi kujisifu, subirini siku ya gulio: atapitwa na mama mwenye tenga la kabichi kichwani na kandambili miguuni.

Shangazi, kupanda nimeweza. Kushuka ndiko kulikonimaliza. Leo nashuka ngazi za nyumba ya wageni kinyumenyume.
Mapaja, Rangwi

Unaposhuka, misuli ya paja inakaza huku inavutwa, na nyuzi zake zinachanika kidogo kidogo. Maumivu hukolea siku moja au mbili baadaye, kwa hiyo bado hujaona kitu. Piga hatua fupi. Kama mazoezi ulifanyia ufukweni Tanga, pole.

Nakunywa maji mengi sana ili nisiishiwe, lakini natapika na kichwa kinaniuma.
Mtungi

Hapa sitanii. Maji matupu yakizidi hupunguza chumvi katika damu, na hali hiyo huua. Acha kukimbia, nenda hospitali leo. Siku nyingine kunywa kwa kiu, na ule vyenye chumvi.

Tunaweza kwenda Aprili?
Wenye Likizo

Mnaweza. Ila kwa masika, udongo mwekundu wa Usambara hauna urafiki na kiatu. Njooni Julai na sweta nzito. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari.

Ninayelala naye chumba kimoja anakoroma.
Macho Makavu

Kesho kimbia kweli. Anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kulala.