Uainishaji wa Awali wa Wanafunzi wa Utamaduni Pendwa

Makala haya yanaainisha wanafunzi wanaosomea vyombo vya habari na utamaduni pendwa katika vyuo vikuu vya Tanzania. Data zilikusanywa kwa ushuhudiaji vimbwetani, maktabani, na kwenye foleni ya steshenari usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Spishi tano zilibainika.

1. Mnukuzi. Hula madesa. Hawezi kupita baa bila kuwataja Theodor Adorno na Max Horkheimer, ambao katika miaka ya 1940 waliandika kwamba burudani ya sokoni ni kiwanda cha kuwapumbaza watu. Akikuta vijana wanacheza singeli, huwasikitikia kwa kulaghaiwa na ubepari. Singeli ikikolea, mguu wake wa kulia huanza kutikisika. Nadharia yake haijalieleza jambo hilo.

2. Mfumbuaji wa Sebuleni. Huonekana wakati wa likizo, bibi anapotazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Huzuia rimoti na kueleza kuwa kamera imewekwa chini ili mama mkwe aonekane ana mamlaka. Bibi mmoja alijibu: "Mjukuu wangu, mama mkwe yule hahitaji kamera." Jibu hilo halijapata mpinzani.

3. Shabiki Mwenye Kibali. Alianza kufuatilia Bongo Fleva akiwa shule ya msingi. Sasa bumu linamgharimia aendelee. Utafiti wake unamhusu msanii mmoja, na sura ya matokeo huthibitisha kuwa msanii huyo hana mpinzani. Pengo la utafiti ni kwamba wenzake chumbani bado wanabisha.

4. Mwenye Wafuasi. Hukosa mhadhara kuhusu video fupi kwa kuwa yuko nje anarekodi video fupi. Mwanzo wa muhula walimu humkemea. Mwisho wa muhula humwomba aitangazie idara kongamano lake.

5. Mwulizaji. Ni adimu. Hubeba dodoso, akapanda daladala hadi Mbagala kuwauliza watazamaji wenyewe.

Mjadala. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyekiongoza kituo cha utafiti wa utamaduni cha Birmingham, alieleza mwaka 1973 kwamba mtazamaji aweza kuupokea ujumbe kama ulivyotumwa, kuukubali nusunusu, au kuupinga kabisa. Spishi zote hukariri njia hizo tatu kwa ajili ya mtihani. Wanne wa kwanza huziandika kana kwamba mtazamaji ameshafariki na hana ndugu wa kuulizwa. Isitoshe, nadharia hiyo ilikuwa na umri wa miaka 21 televisheni ilipoanza Tanzania Bara, mwaka 1994. Iliandikwa Uingereza. Huenda Mbagala wana njia ya nne, na atakayeijua ni yule aliyelipa nauli.

Wasiosoma fani hii hudai ni shahada ya kutazama televisheni. Wanayasema hayo wakiwa wamekesha kubishania wimbo mpya. Jambo linalowakesheza watu wengi kiasi hicho linastahili chumba chuoni, mwalimu na bajeti.

Mapendekezo. Idara ziitengee spishi ya tano fedha za nauli. Anayeandika kurasa mia moja kuhusu watazamaji bila kumuuliza hata mmoja, arudie somo.